Nyuzi Tisini na Saba

Mimi sichezi gemu. Niliseme hilo mwanzo kabisa, kwa sababu kila aliyeingia sebuleni kwangu Sparkbrook, hapa Birmingham, akaiona ile kompyuta ya kupakata, na taa zake nyekundu na kijani zinazofukuzana chini ya herufi, alinitazama kama mtu mzima aliyekutwa anaruka kamba. Niliinunua kwa mwanafunzi mmoja aliyekuwa anahama mji, ikiwa imeshatumika miaka mitano. Kompyuta za kuchezea gemu zina nguvu ya kutengeneza picha kuliko hizi za kawaida, na kazi yangu, au tuseme kazi niliyotamani iwe yangu, ni kuchora vito.

Karakana niliyotaka kuingia iko Hockley, mtaa wa masonara, juu ya ngazi nyembamba, baina ya fundi saa na duka la masanduku ya pete. Mwenyewe ni mzee wa Kiingereza, sonara tangu ujana wake. Mchoraji wake alikuwa ameondoka, na kompyuta yake akaondoka nayo. Ile iliyobaki pale ilikuwa ya kuandikia barua tu. Mzee alinipa jaribio la wiki mbili: seti ya bi harusi, pete, hereni, bangili na kidani. Kila kimoja nikichore, kisha nikitengenezee picha inayozunguka, dhahabu ing'ae kama dhahabu na mawe yamemetuke, ili mteja aone kila pembe kabla dhahabu haijayeyushwa. Nikiweza, nimepata kazi. Nisipoweza, narudi kupanga makopo ya nyanya kwenye rafu za duka kubwa, kama nilivyofanya kila asubuhi kwa miaka minne tangu nimalize masomo. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mbili, na niliamini kwamba nikilikosa hili sitapata jingine.

Kutengeneza picha ya namna hiyo si mchezo. Kompyuta hukaa ikihesabu mwanga unavyoligonga jiwe, nukta baada ya nukta, na kwa bangili moja tu inaweza kuhesabu saa tano au sita bila kupumzika. Ikifanya hivyo inapata moto. Nilikuwa nimeweka kijiprogramu pembeni ya kioo kinachonionyesha joto kwa namba. Sabini ni salama, themanini si mbaya, tisini ujue mambo yameanza. Ikigusa mia inajizima yenyewe isije ikaungua, na kila ilichokihesabu kinapotea. Siku ya kwanza ya jaribio nilikaa mbele ya namba ile roho juu juu, kutoka tisini mpaka tisini na sita, na feni zinavuma mpaka glasi zikawa zinatikisika kabatini.

Wakati huo Mama alikuwa amekuja kutoka Unguja kunitembelea, miezi sita. Magoti yake hayataki ngazi, kwa hiyo alilala pale pale sebuleni, kwenye kochi la kukunjua. Kompyuta nayo ilikuwa pale pale, kwani chumbani kwangu juu hakuna pa kuweka meza. Kitanda kimegusa kuta tatu. Basi wakawa wanalala chumba kimoja, Mama na mashine.

Mama hawezi kuona kitu cha thamani kikakaa uchi. Kwetu redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, jokofu lilikuwa na chake, hata mtungi ulikuwa na chake. Alikuja Birmingham na kitambaa cheupe chenye pindo za kijani, amekifuma kwa mkono wake miezi mizima, cha kufunikia televisheni yangu. Alipoikuta televisheni ni bamba jembamba lililogandishwa ukutani, lisilo na mgongo wa kukalia kitambaa, alisikitika kweli. Alikizungusha mkononi, akaniuliza, "Sasa watu hapa wanafunika nini?" Nilicheka. Sikujua kwamba swali lile angelijibu mwenyewe.

Siku ya tatu niliiacha kompyuta inatengeneza bangili, nikaenda kazini dukani. Asubuhi hiyo niliipachika juu ya vifuniko vinne vya chupa ili hewa ipite chini, nikaomba Mungu, nikatoka. Niliporudi saa saba mchana, sebule ilikuwa kimya. Kimya kile ndicho kilichonitisha. Mama alikuwa na mgeni, mama mmoja jirani wa kwetu, wanakunywa chai ya tangawizi, na juu ya meza yangu kulikuwa na kitambaa cheupe chenye pindo za kijani, kimenyooshwa vizuri, kona nne sawasawa.

Niliking'oa. Kompyuta ilikuwa imezimika, na nilipoigusa ilinichoma kidole.

"Mama, umeifunika!"

"Nimeifunika ndiyo. Mgeni anakuja, na yenyewe inawaka mataa kama harusi. Mtu akiitia jicho je?"

Yule mgeni aliweka kikombe chini, akasema yeye hana jicho, kila mtu mtaani kwao anajua. Wakaanza kubishana kuhusu nani ana jicho na nani hana, na mimi nimesimama na kitambaa mkononi, saa tano za bangili zimekwenda na maji. Nilipoiwasha, ilipanda mpaka tisini na saba kabla sijafungua hata mchoro mmoja. Hapo nilijua si kitambaa peke yake, kuna kitu kingine ndani.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaipeleka Small Heath, Coventry Road, ambako ndani ya duka la simu kuna fundi mmoja Mkongo mwenye meza yake ndogo na taa ya kichwani. Watu wote wa Kiswahili wanamjua. Njia nzima kwenye basi niliipakata. Nilikuwa naona siku zangu zilizobaki, kumi, zinapungua kila basi liliposimama kituoni.

Fundi aliifungua mgongo skrubu moja moja, akaipanga kila skrubu kwenye kifuniko cha pakiti ya sigara kwa mpangilio wake. Alitoa feni. Kisha akainama akanusa.

"Dada," alisema, "mu nyumba yenu munachoma nini?"

Nilisema hatuchomi kitu.

"Hapana. Nusa mwenyewe."

Nikanusa. Ulikuwa udi. Udi wa Mama, ule mzuri anaouchanganya mwenyewe na sukari na marashi, anaoufukiza kila Alhamisi jioni na Ijumaa asubuhi. Huweka chetezo chini, kwenye zulia, anakipitisha kwenye nguo na mapazia, na sehemu aliyoipenda kwa kukiegesha ilikuwa chini ya meza yangu, kwa sababu hapo, alisema, hakuna mtu wa kukipiga teke. Feni zilivuta moshi ule miezi mitatu. Vumbi la kawaida hupeperuka. Vumbi lililokula udi hunata. Fundi alilitoa kwa kibano, limeshikana kipande kizima, jeusi, laini, kama kipande cha blanketi.

"Wasomali wako na moshi yao, nyinyi muko na yenu," alisema, akiliweka juu ya karatasi. "Kila machine inaniletea harufu ya mariage, ya harusi. Siku moja nitaoa moja."

Mwingine angecheka. Mimi nilimuuliza tu kama itapona. Alisafisha, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto pale juu ya chipu, akafunga. Akaniambia masharti, akinihesabia kwa vidole: moshi hapana, kitambaa hapana, iinuliwe juu, na chumba kiwe baridi.

"Baridi sana?"

"Baridi sana. Hii iko mzee, kama mimi. Ikizimika na moto tena mara mbili, tatu, carte graphique, hii ya kutengeneza picha, inakufa. Na mi si Yezu, dada. Sifufue."

Nilirudi nyumbani na maneno yale tumboni. Hapa kuna jambo sipendi kulikumbuka, lakini ndivyo lilivyokuwa. Ningeweza kusema kwa upole. Ningeweza kusema, Mama, fundi anashauri. Mimi nina hasira za karibu, nimezirithi kwa marehemu baba, na hofu inapozidi hugeuka ukali kabla sijaiona. Nilimwekea Mama lile vumbi jeusi mbele yake, kwenye karatasi, nikamwambia:

"Udi wako huu. Udi wako umeniulia kompyuta. Nikikosa kazi hii, ujue ni udi wako."

Mama aliliangalia vumbi lile. Hakubisha, na Mama ni mtu wa kubisha. Alikichukua chetezo, akaenda nacho jikoni, akakiosha majivu kwa maji na sabuni, akakikausha, akakitia chini ya sinki nyuma ya ndoo. Kusema kweli nilifurahi. Niliona sharti moja limetimia.

Basi tukaanza maisha ya baridi. Ilikuwa Februari. Nilizima hita ya sebuleni, nikafungua dirisha vidole vitatu, nikaiinua kompyuta juu ya waya wa kupozea keki. Namba ikashuka: tisini na moja, themanini na sita, themanini na mbili. Sijui kama nimewahi kuifurahia namba maishani kama themanini na mbili ile. Nilirudia bangili tangu mwanzo.

Mama siku ya kwanza alifanya mzaha. "Watu wanakoka moto, sie tunakoka baridi." Alivaa koti juu ya dera na kanga juu ya koti. Nilimwambia akae jikoni kwenye joto. Alikaa nusu saa akarudi, akasema jikoni si pahala pa mtu kushinda, yeye si paka. Nadhani pia alikuwa hataki kuiacha peke yake. Tangu siku ile ya vumbi aliiangalia kompyuta kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyemdondosha.

"Nifundishe hiyo namba," aliniambia. "Wewe unakwenda kazini, nani anaijua hali yake?"

Nikamfundisha. Ikifika tisini na tano, bonyeza hapa, itasimama. Alifanya mazoezi mara tatu, kwa kidole kimoja, na ulimi ameutoa pembeni. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mie jembe langu nimelipata."

Kuanzia hapo nikawa napata ujumbe wake wa sauti kwenye simu kila nusu saa, nikiwa katikati ya makopo. Nilikuwa nachomeka kidude kimoja sikioni na nywele nimezishushia ili msimamizi asione.

"Saa tatu na nusu. Themanini na tano."

"Saa nne. Themanini na saba. Nimezidisha dirisha kidogo."

"Saa nne na nusu. Tisini, mwanangu, lakini usishtuke, nimeisomea dua, nangojea ishuke."

Kati ya ile ya saa nne na nusu na ile ya saa tano sikuweza kufanya kitu. Nilipanga maharage kwenye nafasi ya mahindi. Kisha ikaja: "Saa tano. Themanini na nane, alhamdulillahi." Nikapumua, nikarudisha maharage yake.

Katika sauti zile, kuanzia siku ya tano au ya sita, kulikuwa na kikohozi. Mwanzo kilikuja mwishoni, baada ya namba. Baadaye kilikuja mwanzo, na namba ikangoja. Kuna moja ambayo meno yake yanagongana anaposema "themanini". Nilizisikia zote, siwezi kusema sikusikia. Nilikuwa nasikiliza namba. Jioni nilimuuliza, "Umzima?" na yeye akajibu, "Mie mzima," na wote wawili tukageuka kuiangalia mashine.

Mara moja tu alisema jambo. Ilikuwa Ijumaa asubuhi, amekaa na tasbihi, glovu ya sufi mkono mmoja, mwingine wazi ili azipate shanga. Akasema, kama anayejisemea, "Nyumba haina harufu." Nikamwambia siku chache tu, Mama. Akasema anajua.

Hereni zilimalizika. Pete ilimalizika, na hiyo ndiyo iliyonitesa, kwa sababu ya yale meno madogo yanayolishika jiwe. Kila moja lina kivuli chake. Kidani kilichukua siku mbili. Siku ya mwisho kabla ya kupeleka, saa tisa alasiri, picha ya mwisho ikakamilika kwenye nyuzi themanini na tisa. Tulishangilia, Mama na mimi, na pumzi zetu zikionekana ndani ya sebule yetu wenyewe.

Asubuhi yake niliitia kompyuta kwenye begi la mgongoni, nikaifunga mkanda wa kifuani pia, nikapanda basi mpaka mjini na jingine mpaka Hockley. Sikuwa nimewaza kitu kimoja. Sikuwa nimewaza kwamba karakana ya sonara ina moto.

Ndani kulikuwa na joto la kukufanya uvue koti mlangoni. Mafundi wawili walikuwa wanalehemu, miali ya gesi inazomea, na mzee akanionyesha nafasi ya kuweka kompyuta kwenye meza ya mbao, hatua mbili kutoka hapo. Sikuthubutu kumwambia tukae kwenye ngazi. Nilifungua. Themanini na tatu, na bado sijamwonyesha kitu.

Nilimzungushia pete. Akavaa miwani, akaivua, akavaa nyingine. Akataka kuiona kwa karibu zaidi, na kuisogeza karibu maana yake mashine ihesabu upya. Themanini na nane. Akaomba niirudishe nyuma. Tisini na moja. Feni zikaanza kuvuma, na mmoja wa wale mafundi akageuka, akauliza kama hicho kitu kinataka kuruka. Nilijitia kucheka. Mzee akasema ngoja nikachukue chai, akaenda kuchemsha maji, polepole, anatafuta kijiko. Tisini na nne. Nilisimama baina ya kompyuta na miali ya gesi, nimeukunjua mwili wangu wote niwe kivuli, jasho linanitiririka mgongoni, na nikawa nasoma dua zile zile nilizomsikia Mama akizisoma. Tisini na sita. Akarudi. Akainama mpaka pua ikakaribia kioo, akahesabu meno ya pete kwa ncha ya penseli. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tisini na saba.

"Hili jiwe halitadondoka," alisema. "Njoo Jumatatu."

Niliifunga mashine ile upesi mno, nadhani alidhani nimeudhika. Nilimshukuru mara nne. Kwenye ngazi nilikaa chini, nikaitoa kwenye begi, nikaiweka juu ya jiwe baridi la ngazi mpaka ikapoa, na machozi yananitoka.

Simu sikupiga. Nilitaka nimwone uso. Kwenye basi la kurudi nilipanga nitakavyomwambia, kwamba nitaingia nimenuna kwanza, nimtie wasiwasi kidogo, kisha nitoboe. Nilishuka Stratford Road nikanunua mandazi ya moto kwa mama anayeyauza mkabala na kituo, nikatembea mbiombio.

Nilipofungua mlango, baridi ya ndani ilikuwa ni ile ile ya nje. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, koti limefungwa vifungo vyote, kanga mbili kichwani, blanketi magotini, mikono kaificha makwapani. Dirisha halikuwa wazi vidole vitatu. Lilikuwa wazi lote, na pazia linapepea. Hita imezimwa. Meza ilikuwa tupu.

"Mama, mbona umefungua? Kompyuta ninayo mimi."

"Najua unayo." Midomo ilikuwa imemkauka na maneno yalitoka moja moja. "Nimesema huko ulikokwenda itapata moto. Nikafungua mapema, ukirudi nayo ikute chumba kishapoa."

Nilimuuliza tangu saa ngapi. Akasema tangu nilipotoka.

Nilisimama na begi mgongoni na mandazi mkononi, na yote niliyoyapanga kwenye basi yakanipotea. Yeye ndiye aliyeuliza.

"Wamekupa?"

"Wamenipa, Mama."

"Alhamdulillahi," alisema. Akafumba macho, akasema tena. Kisha akayafumbua, akalitazama dirisha, akanitazama mimi, kwa adabu, kama mtu aliye kwenye nyumba ya watu.

"Sasa naruhusiwa kulifunga?"